Miaka ya Mtunya Katika Ugogo

Kila nchi ina namna yake ya kuhesabu miaka. Wako wahesabuo kwa wafalme, na wako wahesabuo kwa vita. Wagogo wa zamani walihesabu kwa njaa. Njaa ikiwa kubwa ilipewa jina, na jina lile likawa ndiyo kalenda: mtu alisema kwamba alizaliwa kabla ya njaa fulani, au kwamba mama yake aliolewa baada yake. Katika majina hayo liko moja lililo zito kupita mengine, nalo ni Mtunya. Maana yake ni kinyang'anyiro, yaani hali ya watu kugombania kile kilichosalia. Ndilo jina la njaa iliyoipiga nchi ya Dodoma tangu mwaka 1917 hata mwaka 1920.

Twataka kuzieleza habari za miaka ile kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwaka 1918 homa ya mafua iliizunguka dunia yote, ikafika Afrika ya Mashariki wakati Ugogo imekwisha kudhoofika kwa njaa. Maradhi yakaikuta njaa, na njaa ikayakuta maradhi. Ya pili ni kwamba sisi tulioyaona mambo ya UVIKO-19 tangu mwaka 2020 tumejiuliza maswali yale yale waliyojiuliza babu zetu: maradhi yapita njia gani hata yaingie nyumbani? Na nyumba iliyoangushwa, yainuka kwa nguvu gani?

Wenye elimu wa vyuo vikuu huyaita maswali haya utafiti wa afya, wa jamii na wa uchumi. Sisi twaweza kusema kwa maneno mepesi: ni kuuliza mtu aliugua nini, aliishi na nani, na baadaye alikula nini. Maswali haya matatu hayatengani. Daktari akiuliza la kwanza tu, atayajua maradhi wala hatamjua mgonjwa. Habari za Mtunya zaonyesha jambo hili kuliko habari nyingi tuzijuazo.

Maghala Matatu

Ugogo ni uwanda wa juu wenye mvua chache. Kwa mwaka hunyesha kiasi cha milimita 500 hata 600, nazo huja kwa msimu mmoja tu, tangu mwisho wa Novemba au Desemba hata Aprili. Mvua ikichelewa, mkulima hana msimu wa pili wa kungojea. Basi mtu asiyeijua nchi hii aweza kushangaa jinsi watu walivyokaa humo vizazi vingi. Lakini wenyeji walikuwa na hekima yao. Tukiitazama vizuri, twaona kwamba kila nyumba ilikuwa na maghala matatu.

Ghala la kwanza lilikuwa la nafaka. Uwele na mtama ni mazao yavumiliayo ukame, nayo yakihifadhiwa vema ndani ya tembe hukaa muda mrefu. Ghala la pili lilikuwa zizi. Ng'ombe na mbuzi hawakuwa nyama na maziwa tu, walikuwa akiba ya kubadilisha kwa chakula mwaka mbaya ulipokuja. Ghala la tatu halikuwa na ukuta wala mlango. Lilikuwa watu wenyewe. Peter Rigby, mtaalamu aliyefanya uchunguzi wake Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi ng'ombe wa mtu mmoja wasivyokaa wote katika zizi lake, bali hutawanywa kwa ndugu na rafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, upande wa pili usalie. Aliyetunza ng'ombe wa rafiki alipata maziwa, na mwenye ng'ombe alipata mlango wa kubisha siku ya shida. Mtu aliyepungukiwa alikwenda kuhemea: alichukua jembe lake au mbuzi wake, akaenda kwa mwenye chakula, akalima au akabadilisha, akarudi na kibaba.

Tena nchi hii haikuwa kichaka cha peke yake. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda na kutoka pwani ilipita Ugogo. Wenyeji waliwauzia wasafiri nafaka, na watemi waliwatoza hongo kwa njia na kwa maji. Stanley alipopita mwaka 1871 alinung'unika sana kwa ajili ya hongo hiyo. Twaitaja ili msomaji ajue kwamba Wagogo walikuwa watu wenye kitu cha kuuza. Mwaka mbaya uliwauma, lakini waliponya jeraha kwa mali yao wenyewe.

Vita Vyafungua Milango

Wadachi walijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Dodoma mwaka 1910, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mwaka ule ule vita kuu vikaanza Ulaya, vikaletwa na huku. Jeshi la Waingereza na Makaburu chini ya Jemadari van Deventer liliteremka kutoka kaskazini, likaichukua Kondoa Irangi mwezi wa Aprili 1916, likazuiwa pale na mvua na maradhi, kisha likaingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916. Wadachi wakarudi nyuma kuelekea kusini.

Jeshi haliendi bila tumbo. Wale waliokuwa wakiondoka walichukua nafaka na ng'ombe, na wale waliokuwa wakiingia walichukua nafaka na ng'ombe vile vile. Bendera zilikuwa mbili, lakini ghala lililofunguliwa lilikuwa moja. Ndipo wakachukua na watu. Katika vita ile hapakuwa na magari ya kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Upande wa Waingereza peke yao waliajiri au kuwashurutisha wapagazi karibu milioni moja katika Afrika ya Mashariki yote, na wanahistoria wakadiria kwamba wapatao 100,000 walikufa. Wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, na kwa chakula kisichowafaa.

Tazama basi jinsi maghala yale matatu yalivyofunguliwa kwa mkupuo mmoja. Nafaka ilichukuliwa, zizi likapungua, na vijana wenye nguvu ya kulima wakachukuliwa. Mvua ikikosa mwaka mmoja, yaharibu ghala moja tu, na mawili yasalia. Vita viliyaharibu yote matatu kwa pamoja. Na katika miaka ile ile mvua zikakosa. Kwa sababu hiyo si haki kusema kwamba Mtunya uliletwa na jua peke yake. Jua lilikuwa limezoeleka. Mgeni alikuwa vita.

Homa Iliyosafiri kwa Gari la Moshi

Sasa twafika kwenye homa yenyewe. Watu wa Ulaya waliiita homa ya Kihispania, lakini haikuanza Hispania. Nchi zilizokuwa vitani ziliwazuia waandishi wa magazeti wasitangaze habari za kuvunja moyo. Hispania haikuwa vitani, na magazeti yake yaliandika wazi juu ya wagonjwa. Hivyo aliyesema kweli ndiye aliyebandikwa jina la ugonjwa. Yakadiriwa kwamba theluthi ya watu wa dunia waliugua, na wapatao milioni 50 walikufa. Mafua ya kila mwaka huwachukua zaidi wazee na watoto wachanga. Homa hii iliwachukua sana watu wa miaka 20 hata 40, yaani wale walio nguzo za nyumba. Hapakuwa na dawa ya kuikomesha. Wala kiini chake hakikujulikana: virusi vya mafua ya watu vilitambuliwa mwaka 1933, na penisilini, iliyo dawa ya homa ya mapafu inayofuata mafua, ilianza kutumiwa kwa watu wengi katika miaka ya 1940.

Katika Afrika homa ilishuka kutoka melini. Freetown, Cape Town na Mombasa ndiyo malango yake makubwa. Mombasa iliingia mwezi wa Septemba 1918, ikapanda bara kwa reli. Upande wa kusini iliyakuta majeshi yaliyokuwa bado vitani. Jemadari wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini karibu na mji uitwao leo Mbala, katika nchi ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Askari na wapagazi wake walikuwa wakiugua mafua. Wakavushwa kwa njia ya Ziwa Tanganyika hata Kigoma, wakapandishwa gari la moshi. Na gari litokalo Kigoma kwenda Dar es Salaam halina njia nyingine ila kupita Dodoma.

Twasema haya si kwa kuwalaumu wagonjwa wale, ambao wengi wao walikuwa Waafrika waliochukuliwa kwao kwa nguvu. Twataka tu msomaji aone kwamba njia ile iliyochukua nafaka na watu kutoka Ugogo ndiyo ile iliyorudisha maradhi. Reli haichagui mzigo.

Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya historia ya Tanganyika, akadiria kwamba homa hiyo iliwaua watu kati ya 50,000 na 80,000 katika nchi yote. Lakini hesabu ya vifo haimalizi habari. Tufikiri kidogo juu ya majira. Homa ilienea katika miezi ya mwisho ya mwaka 1918. Hiyo ndiyo miezi mkulima wa Ugogo anapotazama mawingu, akatengeneza jembe, akapanda mara mvua ya kwanza inaponyesha. Mtu mwenye mafua makali hulala juma mbili, na akipona hubaki dhaifu kwa majuma mengine. Mjini huo ni mwezi mmoja uliopotea. Shambani, katika nchi yenye msimu mmoja, ni mwaka mzima. Mama aliyelala kitandani mwezi wa Desemba hakupanda. Kwa hiyo mwezi wa Juni hakuvuna. Kwa hiyo mwezi wa Februari uliofuata watoto wake hawakuwa na uji. Akifa mtoto huyo, amekufa kwa nini: kwa njaa au kwa mafua?

Hapa ndipo elimu ya vyuo inapotusaidia. Mtaalamu aitwaye James Ellison alichunguza mambo ya homa hii kusini-magharibi mwa nchi yetu. Uchunguzi wake, uliochapwa mwaka 2003, aliuita kwa jina la njaa kali, ingawa somo lake lilikuwa mafua. Hakukosea. Wakati mwingine watu huyakumbuka maradhi kwa jina la kilichofuata. Mafua hupita upesi, lakini njaa hukaa mlangoni mwaka mzima. Na kile kikaacho ndicho kipewacho jina.

Mmoja Katika Watano

Gregory Maddox, mwanahistoria kutoka Marekani, alikuja Dodoma katika miaka ya 1980 akawauliza wazee, akasoma na barua za maofisa wa zamani. Mwaka 1990 alichapa maelezo yake juu ya Mtunya. Asema kwamba katika watu wapatao 150,000 waliokaa katika nchi ile, walikufa wapatao 30,000. Hesabu kubwa hupita sikioni kama upepo. Basi na tuigawanye. Ni mtu mmoja katika kila watu watano. Keti na nyumba yako jioni hii kuzunguka sahani ya ugali. Mkiwa watano, mmoja hayupo. Mkiwa kumi, wawili hawapo. Nenda kanisani Jumapili, utazame benchi baada ya benchi, utoe mmoja katika kila watano. Ndiyo Mtunya.

Watu walikula vitu vya porini: mizizi, majani, ubuyu, hata ngozi. Walitoa ng'ombe waliosalia kwa kipimo kidogo cha nafaka. Wengi walihama kwenda nchi za jirani zilizokuwa na chakula, na wako waliowaacha watoto wao kwa watu wenye ghala ili watoto wapate kuishi. Tusiwahukumu. Mzazi anayemwacha mtoto wake kwa mgeni ili ale, huenda anampenda kuliko yule anayemshika mkono hata wafe wote.

Lakini jina lenyewe la Mtunya latuambia kwamba hata ghala la tatu, lile la watu, lilipata ufa. Kinyang'anyiro ni kinyume cha ujirani. Katika njaa ndogo mwenye nacho humpa asiye nacho, maana ajua kwamba mwakani zamu yaweza kuwa yake. Katika njaa iliyomkuta kila mtu, pamoja na maradhi yaliyomkuta kila mtu, hapakuwa na mwenye nacho wa kubishiwa hodi. Wema haukwisha kwa sababu mioyo iligeuka kuwa mawe. Ulikwisha kwa sababu mikono ilikuwa mitupu.

Jinsi Walivyoinuka

Hata hivyo Ugogo haikufa, nasi twajua kwa kuwa wajukuu wa watu wale ndio wasomao maneno haya. Waliinuka kwa namna gani?

Wale waliohama walirudi mvua ziliporudi, wakalima. Mbegu zilitafutwa kwa ndugu wa mbali. Ng'ombe wachache waliopona waligawanywa tena kwa utaratibu ule wa zamani, huyu akitunza wa yule, hata mazizi yakaanza kujaa polepole. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ghala lililopata ufa ndilo lililotumika kwanza kuyajaza mengine mawili. Pasipo undugu mbegu haipatikani, na pasipo urafiki ng'ombe hazunguki.

Lakini kulikuwa na ghala la nne, lililokuwa jipya, nalo ni mshahara. Vijana walikwenda kufanya kazi katika reli na katika mashamba ya katani upande wa mashariki, wakapata fedha za kununua chakula na za kulipa kodi. Mshahara uliponya wengi, wala hatuudharau. Ila kila ghala lina mlango wake, na mtu hana budi kujua ufunguo uko kwa nani. Ufunguo wa zizi ulikuwa kwa mwenye zizi. Ufunguo wa mshahara ulikuwa kwa mwenye shamba, aliyekaa mbali. Maddox aonyesha kwamba baada ya Mtunya nchi ya Ugogo haikurudi kuwa kama zamani: nguvu yake ya kujitegemea ilipungua, na kila njaa iliyofuata iliwalazimisha watu zaidi kutafuta kazi ya mbali au kungojea chakula cha serikali. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru, Dodoma ilikuwa tena katika njaa, na mahindi ya msaada yaliletwa kutoka Marekani.

Hili ndilo neno tunalotaka msomaji alishike. Kupona ni jambo moja, na kurudi katika nguvu zako ni jambo jingine. Mtu aliyevunjika mguu aweza kupona akatembea kwa gongo. Amepona kweli, lakini mwulize kama aweza kupanda mlima. Wanaopima uchumi baada ya tauni hutazama kama watu watembea. Yatupasa tuulize pia kama watembea kwa gongo.

Mambo ya Siku Zetu

Karne moja ilipita. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa, huko Arusha, na kesho yake shule zikafungwa. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni, na shule za msingi na sekondari tarehe 29 Juni. Mwanzoni mwa Mei hesabu iliyotangazwa ilikuwa ya wagonjwa 509 na vifo 21. Kisha hesabu hazikutangazwa tena hata katikati ya mwaka 2021. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo jijini Dar es Salaam, naye mwenyewe akachanjwa mbele ya watu. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya lilisema kwamba hali ya dharura ya dunia imekwisha.

Tukiyapima mambo haya kwa maghala yetu matatu, twaona tofauti kubwa na mwaka 1918. Hapakuwa na jeshi la kuchukua nafaka wala ng'ombe. Serikali haikuwafungia watu majumbani. Mkulima wa Ugogo alikwenda shambani, na minada ya mifugo haikufutwa. Ghala la nafaka na ghala la zizi hayakuvunjwa. Lililoumia sana lilikuwa lile la nne, la mshahara. Watalii walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa 620,000 hivi. Uchumi wa nchi, uliokuwa ukikua kwa asilimia 7 mwaka 2019, ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020. Kijana aliyefanya kazi hotelini Arusha au Zanzibar, akawa akimpelekea mama yake fedha kijijini, alirudi na begi tupu. Mama hakuugua, wala mtoto hakuugua, lakini maradhi yaliingia nyumbani kwao kwa mlango wa mshahara. Reli ya zamani ilileta homa. Njia za siku hizi zilileta ukosefu.

Mwezi wa Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha nchi dola milioni 567, zipatazo shilingi trilioni 1.3, na tarehe 10 Oktoba Rais akauzindua mpango wa matumizi yake hapa Dodoma. Katika fedha hizo yalijengwa madarasa 15,000. Wengi wenu mmeyaona, na watoto wenu wamesoma ndani yake. Ni jambo jema, na watu wa mwaka 1920 hawakujengewa hata moja. Lakini kumbukeni gongo. Darasa ni jengo, na deni ni la wote; swali la nyumba moja moja lingali pale pale. Je, mjane yule aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho amepata mwingine? Kijana yule aliyerudi na begi tupu amepata shamba, au amerudi kungojea mlango ulio mbali?

Nani Ataandika?

Ni nani awezaye kulijibu swali hilo? Katika miaka ya Mtunya watu wa nchi hii hawakuandikwa mmoja mmoja walipokufa. Habari zao zilikaa vinywani, na mwanahistoria alikuja kutoka Marekani, karibu miaka 70 baadaye, kuwauliza wazee waliokuwa watoto wakati ule. Alifanya kazi njema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini fikirini wangapi walikuwa wamekwisha kulala kaburini pamoja na habari zao kabla ya mgeni kufika.

Yuko mtu mmoja wa kwetu wa kukumbukwa hapa. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma, yaani ni mtoto wa miaka ile ya njaa, mmoja wa wale wanne waliosalia katika watano. Akakua, akawa mwalimu na mshairi mkubwa wa Kiswahili, na mwaka 1954 kikachapwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Hakungoja mgeni. Aliwasikiliza wazee akaandika, na mwaka 1995 kitabu chake kilitokea kwa Kiingereza, kimefasiriwa na yule yule Maddox. Hivyo mwenyeji akawa mwalimu wa mgeni.

Leo Dodoma ina Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa la Anglikana, kilichofunguliwa mwaka huo huo mahali palipokuwa shule ya sekondari ya Mazengo. Wanafunzi wake huja vijijini na karatasi zao za maswali. Twajua kwamba wako kati yetu wanaowakwepa, wakidhani wametumwa na watoza kodi. Na wako wanaowajibu lolote ili waondoke upesi. Tusifanye hivyo. Jibu la uongo leo ni njia mbaya itakayowapoteza wajukuu wetu kesho. Nao wanafunzi wasikilize zaidi ya karatasi zao. Wakija kuuliza habari za homa, wawe tayari kuambiwa habari za ng'ombe.

Wala tusiwaachie wao kazi yote. Kila parokia ina vitabu vya ubatizo na vya maziko, na vitabu hivyo, vikitunzwa visiliwe na mchwa, husema kweli baada ya miaka mia. Kila shule ina mwalimu, na kila mwalimu ana daftari. Tena kila nyumba yaweza kuandika ukurasa mmoja: katika mwaka 2020 na 2021 ni nani aliugua kwetu, ni nani alikufa, tuliuza nini, ni nani alitusaidia, ni nani aliondoka, na ni nani amerudi. Ukurasa huo hauhitaji elimu kubwa. Wahitaji tu ukweli, jina na tarehe.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Watu wa Mtunya walikuwa na akiba tatu, zikaporwa kwa mara moja. Ya nne, ambayo ni habari zao wenyewe, ingaliweza kutusaidia zaidi kama ingaliandikwa mapema. Sisi tumeokoka katika janga la zamani zetu, na kalamu tunazo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2020 amekwisha kuanza shule. Siku moja atauliza mambo yalikuwaje. Afadhali akute ukurasa.